Greihaundi wangu anaganda kama sanamu darasani: nimtoe?

Swali: Tulimchukua mbwa jike wa aina ya greihaundi, wa miaka minne, aliyestaafu mbio, na sasa ana miezi miwili nyumbani. Ni mpole sana. Tumemwandikisha darasa la utii la wiki sita, saa moja kila wiki, mbwa wanane katika ukumbi mmoja. Tumehudhuria mara mbili. Amri ya "keti" haifuati kabisa. Mwalimu alimkandamiza kiunoni ili aketi, naye akakakamaa. Tangu hapo akiingia ukumbini anasimama tu, hali hata nyama anayoipenda, na mbwa mdogo mwenye manyoya mengi akipita anamkazia macho bila kupepesa. Je, ni mkaidi, si mwerevu, au darasa halimfai? Nimtoe?

Jibu: Usimtoe darasani bado. Mtoe kwenye zoezi la kuketi, na uzungumze na mwalimu kabla ya kipindi kijacho kuanza. Unayoyaeleza ni mambo matatu yaliyokutana katika ukumbi mmoja: mwili usioona raha kuketi, hofu, na jicho la mwindaji. Kila moja lina dawa yake. Ukiyajumlisha yote ukayaita ukaidi, utaishia kuongeza hofu, na hofu ndiyo inayozuia mengine yasifundishike.

Tuanze na kuketi, maana ndiko kulikoharibika kwanza. Greihaundi anaweza kuketi, na wapo wanaoketi wenyewe bila kuombwa. Lakini wengi hawakupendi, na sababu iko kwenye maumbile: misuli ya mapaja ni minene, mgongo ni mrefu, na kitakoni hakuna mafuta ya kukalia. Mwangalie akijaribu kuketi kwenye sakafu ngumu, utaona matako hayafiki chini. Anabaki ameyainua sentimita chache, mapaja yakimbeba muda wote, halafu baada ya sekunde chache anasimama tena. Mwalimu aliyezoea mbwa wachungaji huona hapo mbwa asiyetaka kutulia. Isitoshe, mbwa wa mbio hafundishwi kuketi. Kazi yake ilikuwa kusimama: asimame apimwe uzito, asimame akandwe misuli, asimame avikwe jezi, kisha aingizwe kwenye kisanduku cha kuanzia mbio. Kwa hiyo wako hapingi amri, hajui ni kitu gani anachotakiwa kufanya.

Kumkandamiza kiunoni hakusaidii hata kidogo. Mbwa akisukumwa hujikaza upande wa pili ili asianguke, na ndiyo maana alikakamaa. Tena sehemu ya chini ya uti wa mgongo ni mahali ambapo greihaundi waliokimbia huweza kuwa na maumivu ya zamani. Akilia ukimgusa hapo, akisita kuruka kuingia garini, au akiburuta kucha za miguu ya nyuma anapotembea, mpeleke kwa daktari wa wanyama kabla ya zoezi lolote lingine. Asipoonyesha dalili hizo, bado amri hiyo isimamishwe kwa sasa, na mtu yeyote asimwekee mkono kiunoni tena.

Mahali pa "keti" weka amri mbili, "simama" na "lala". Mwalimu mzuri atazikubali bila ubishi, kwa sababu lengo la kuketi darasani ni mbwa atulie mahali pamoja, na hayo yanapatikana vilevile akiwa amesimama au amelala. "Simama" utaipenda zaidi siku za kwenda kwa daktari: mbwa anayesimama kimya sekunde 30 huku akiguswa masikio, meno na miguu amekurahisishia mengi.

"Lala" ifundishwe nyumbani, si ukumbini. Tandika blanketi nene mahali anapopenda kujilaza. Viwiko vya greihaundi havina nyama, na sakafu ngumu humchubua. Usimvute chini kwa chakula siku za mwanzo, kwa sababu wengi huinama kwa mbele tu na kuacha nyuma juu. Subiri ajilaze mwenyewe, jambo ambalo kwa greihaundi halichukui muda mrefu. Viwiko vinapogusa blanketi sema "ndiyo" kwa sauti ya kawaida, kisha weka kipande cha chakula sakafuni katikati ya miguu yake ya mbele. Tupa kingine pembeni ili ainuke, usubiri tena. Baada ya siku chache utamwona anarudi kwenye blanketi na kujilaza huku akikutazama. Hapo ndipo neno linapoingia: sema "lala" sekunde moja kabla hajaanza kushuka. Neno likitangulia mapema mno, mbwa anajifunza kwamba "lala" ni kelele isiyo na maana. Akishajua, hamisha blanketi lilelile chumba kingine, halafu nje, halafu ndiyo darasani. Usilifue siku ya kwenda; harufu ya nyumbani inafanya kazi kubwa hapo.

Kama baadaye utataka cheti kinachodai kuketi, njia ipo. Jaribio la Canine Good Citizen la American Kennel Club, kwa mfano, lina hatua 10, na mojawapo ni mbwa kuketi, kulala na kubaki mahali. Fundisha kuketi kutokea chini kwenda juu. Mbwa akiwa amelala kifudifudi, miguu ya mbele imenyooka, shika chakula puani na ukipandishe polepole juu na nyuma kidogo kuelekea kichwani. Atainua kifua kwanza huku matako yakibaki chini. Mlipe chakula hapohapo, kabla hajasimama. Fanya kwenye zulia au godoro, kamwe si kwenye vigae, na usidai zaidi ya sekunde mbili tatu kwa wiki kadhaa za mwanzo. Mara nne au tano kwa siku zinatosha. Mapaja yale yanachoka.

Sasa kuganda. Hili ndilo ningekutaka ulishughulikie kabla ya amri yoyote. Greihaundi akizidiwa na hofu mara nyingi habweki, hakimbii wala haumi. Anasimama. Watu humsifu kwamba ametulia, kumbe amefunga milango yote. Dalili zake ni mkia aliofyata hadi tumboni, masikio yaliyolala nyuma, uzito wote umeegemea miguu ya nyuma, kuhema bila kukimbia, kulamba pua, kupiga miayo, kutetemeka mapaja, na hiyo uliyoiona wewe: kukataa chakula. Chakula ndicho kipimo chepesi kuliko vyote. Mbwa anayekula nyama hiyo nyumbani na kuikataa ukumbini hajifunzi chochote wakati huo, hata mwalimu awe bingwa namna gani.

Kumbuka alikotoka. Mabanda ya mbio yana ratiba ileile kila siku na mbwa wa aina moja tu. Greihaundi wengi hawajawahi kuona mbwa wa aina nyingine hadi siku wanapostaafu, wala milango ya vioo, wala sakafu inayong'aa, wala ukumbi unaorudisha mwangwi wa mbwa wanane wakibweka. Miezi miwili nyumbani ni mwanzo tu. Wengine huhitaji miezi mitatu au zaidi ndipo uone tabia yao halisi, na si vibaya kuahirisha darasa hadi muhula ujao.

Akiganda, usimvute kwa kamba, maana atakaza zaidi na unamthibitishia kwamba mahali hapo ni pa kuogopwa. Wala usimbembeleze kwa maneno mengi. Simama kando yake, si mbele yake, tazama upande mwingine, mpe nusu dakika. Kisha geuka taratibu ukitembea kwa nusu duara, ili kichwa chake kigeuke kwanza na mwili ufuate. Greihaundi aliyeganda huweza kupiga hatua ya kugeuka hata pale anapokataa ya kwenda mbele. Ukipata hatua mbili, mpeleke mbali na kilichomtisha, si karibu.

Kipindi kijacho fika dakika 15 kabla ya wengine. Ukumbi ukiwa mtupu mzungushe, mwache anuse kuta, tandika blanketi karibu na mlango. Pembe ya mwisho ya ukumbi haifai, maana huko akiogopa hana pa kutokea. Wengine wanapoingia, tafuta umbali ambao anaweza kupokea chakula kwa midomo laini. Akichukua kwa kunyakua na kukugusa meno, au akikitema, mko karibu mno. Umbali huo, uwe mita 6 au uwe nje ya mlango, ndio mahali penu pa kazi siku hiyo. Punguza mita moja moja kutoka kipindi hadi kipindi, na akirudi nyuma, rudi naye. Ondokeni baada ya dakika 20 akiwa bado anakula. Umelipia saa nzima, najua, lakini dakika 40 za hofu zitafuta zile 20 njema.

Angalia na sakafu. Kwenye vigae au mbao zilizong'arishwa miguu mirefu hiyo huteleza, na mbwa akishateleza mara moja hataki kusogea tena. Omba kipande cha zulia au mkeka wa mpira, na kata kucha. Kucha ndefu humzuia kukanyaga kwa vitanga. Kama anachechemea kwenye sakafu ngumu lakini kwenye nyasi anatembea vizuri, chunguza vitanga kama vina sugu, duara ndogo ngumu iliyozama katikati ya kitanga. Ni ugonjwa unaojulikana sana kwa mbwa hawa, unauma, na mara nyingi mbwa huambiwa mvivu kumbe anaumia. Ukumbi ukiwa wa baridi, mvalishe koti. Manyoya mafupi na ngozi isiyo na mafuta chini yake haviwezi kumpa joto akiwa amelala saa nzima.

Kuhusu kumkazia macho mbwa mdogo, usichanganye hilo na kuganda, ingawa yote mawili yanaonekana kama kusimama tu. Anayeogopa anaegemea nyuma na kukwepa kutazama. Anayewinda anaegemea mbele: masikio yamesimama, mdomo umefungwa, macho hayapepesi, shingo imenyooka, pengine misuli inatetemeka kidogo. Mbwa wako anaweza kuwa na yote mawili katika dakika tano. Yule mdogo mwenye manyoya, anayechezacheza na kutoa sauti nyembamba, machoni pake huenda bado si mbwa. Si ukatili. Ni macho yaliyozalishwa vizazi vingi kufuata kitu kidogo kinachokimbia.

Zoezi lake ni hili. Kaa mbali kiasi kwamba anamwona mdogo lakini anaweza kuacha kumtazama. Akimtazama tu, ndani ya sekunde moja au mbili sema "ndiyo" na lete chakula puani mwake, akigeuka kula umeshavunja mkazo. Rudia mara tano, kisha mpumzishe kwa kumgeuzia mgongo. Baada ya vipindi kadhaa atamwona mdogo na kugeuka mwenyewe kukutafuta. Hapo lipa vipande vitatu mfululizo. Ukichelewa na macho yakaganda, usipige kelele jina lake mara kumi, kwa maana jina litaishiwa nguvu. Ingia kati yake na mdogo kwa mwili wako, mgeuze, ondokeni. Kama hawezi kuacha kumtazama hata mkiwa ncha mbili za ukumbi, hapo jibu la swali lako linabadilika: darasa la pamoja halimfai kwa sasa, na mnahitaji mwalimu wa peke yenu au kundi la greihaundi watupu kwanza.

Mvalishe kikapu cha mdomo bila aibu. Mbwa wa mbio wamezoea kukivaa, na kikiwa cha kipimo sahihi anaweza kuhema, kunywa maji na kupokea chakula kupitia matundu. Kinawalinda wadogo, na kinakupa wewe utulivu ambao mbwa atausoma kupitia kamba. Ila michezo ya kuwaachia mbwa wote huru mwisho wa kipindi, ikataeni kabisa. Greihaundi anayemnusa mdogo kwa adabu akitembea anaweza kumkimbiza mdogo yuleyule akianza kukimbia, na kikapu hakizuii kumgonga. Hatari ipo pande zote mbili: ngozi ya greihaundi ni nyembamba, na jino au ukucha unaomkwaruza tu mbwa mwingine huweza kumchana yeye hadi kushonwa. Vivyo hivyo zoezi la kuita, mbwa mmoja mmoja wakikatiza ukumbi kwa kasi: wakati huo tokeni nje, au kaeni nyuma ya kizuizi.

Vifaa vichache, lakini ni muhimu visikosewe. Shingo ya greihaundi ni nene kuliko kichwa, kwa hiyo mkanda wa kawaida huvuka masikio akirudi kinyumenyume kwa woga, na mbwa aliyeshtuka mlangoni mwa ukumbi huweza kukimbia kwa kasi ya takriban kilomita 70 kwa saa. Tumia mkanda wa martingeli, ule wenye kitanzi cha pili kinachokaza kwa kiasi, upana wa sentimita 4 hadi 5, ukae juu ya shingo nyuma tu ya masikio. Uvute ukaze: pete mbili zisigusane, na mkanda usiweze kuvuka masikio. Pete zikigusana mkanda umelegea, maana hauwezi kukaza zaidi. Kamba iwe ya mita moja na nusu hadi mbili, isiyo ya kujivuta. Ile ya kujivuta, inayojiviringa yenyewe ndani ya mpini, humpa nafasi ya kushika kasi kabla haijafunga, na mshtuko wote unaishia shingoni. Ukiuangusha mpini wake, unamfuata ukigongagonga sakafu na kumtia hofu zaidi. Usimfunge kwenye kiti hata kwa dakika moja. Mnyororo wa kukaba, mkanda wa miiba na wa umeme visiguse mwili huu, na mwalimu anayevipendekeza hajui mbwa aliye mbele yake.

Kuhusu kutembea ubavuni sina mengi. Waliostaafu mbio kwa kawaida wanatembea vizuri kwa kamba. Mwalimu akitaka mbwa aketi kila mnaposimama, mbwa wako asimame tu.

Kuitika ni jambo jingine. Mwalimu akitoa kamba ya mita 10, ikataeni kwa heshima. Tumia ya mita 3 hadi 5, ifungwe kwenye mikanda ya kifuani na si shingoni. Chagua ya mikanda mitatu, wa tatu ukipita nyuma ya mbavu pale kiuno kinapoingia ndani, la sivyo atajichomoa. Na ujenge sauti ya dharura. Mbwa wengi wa mbio wamefundishwa kufuata chambo kwa kifaa cha kupulizwa chenye mlio wa mnyama mdogo. Tafuta mlio unaofanana nao, na mara mbili tatu kwa wiki, nyumbani, upige na umpe konzi ya chakula bora kuliko vyote. Usiutumie kamwe kumwita akaogeshwe. Usiupige ukumbini kama kuna greihaundi wengine. Hata akiitika mara zote, usimwachie huru mahali pasipo na uzio, kwa sababu akishaona sungura mbali masikio yake hayapo tena.

Vipande vya chakula viwe laini na vidogo kama njegere, kwani meno ya waliostaafu mara nyingi ni mabovu na kitu kigumu kitamfanya akitema hata bila hofu. Usimpe mlo kamili ndani ya saa mbili kabla ya darasa wala mara tu baada ya kurudi. Mbwa wenye kifua kirefu namna hii wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, jambo la kukimbilia kwa daktari usiku huohuo. Kama mwalimu anatumia kibofyo, kidude cha mkononi kinacholia kumjulisha mbwa kwamba amepatia, na mbwa wako anaruka kila kinapolia, badilisha kwa neno "ndiyo". Nyumbani fanya mazoezi dakika mbili au tatu, mara mbili kwa siku. Greihaundi anajifunza upesi, ila ukimrudisha zoezi moja mara kumi ataondoka kwenda kulala, na hapo yeye ndiye aliye sahihi.

Jambo moja husahaulika. Akianza kuzoea, huenda akalala usingizi kabisa kwenye blanketi darasani, tena wengine hulala macho yakiwa wazi. Mbwa aliyeishi peke yake katika kibanda hajazoea kuguswa usingizini, na anaweza kushtuka na kuuma kabla hajajua yuko wapi. Waambie watoto na wanafunzi wenzako wasimguse akiwa amelala. Wewe mwenyewe mwite jina kwanza, uone kichwa kimeinuka, ndipo umkaribie.

Ukimwendea mwalimu, mwambie mambo matano: badala ya kuketi atasimama au kulala, mtakaa karibu na mlango, hakuna atakayemsukuma kwa mkono, mtaondoka mapema mkiona inafaa, na hatashiriki kuachiwa huru. Akisema mbwa lazima "ajue nani bwana", au akimtikisa mkanda, ondokeni siku hiyohiyo hata kama ada haitarudi. Akikubali, jipeni vipindi viwili zaidi. Dalili ya kwamba mambo yanakwenda si kuketi. Ni kula akiwa ndani ya ukumbi, kulala kwenye blanketi dakika moja wengine wakifanya kazi, na kugeuza macho kutoka kwa mdogo mara moja bila wewe kuingilia kati. Baada ya vipindi hivyo viwili akiwa bado hali kitu ndani, hamieni nje: simameni mita 20 au 30 kutoka mlangoni wakati darasa linaingia na kutoka, dakika kumi tu, akila na kutazama, kisha mrudi nyumbani. Ada ya vipindi vilivyobaki mwombe mwalimu aihamishie muhula ujao.